Idd Sitini na Tisa Ukutani

Mimi sikuingia kile chama cha kutembea kwa sababu ya kupenda majumba ya zamani. Niliingia kwa sababu ya presha. Daktari alinipima akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama, usipotembea utaanguka siku moja hapo kwa cherehani." Na ni kweli, kutembea kwangu wakati huo kulikuwa kutoka kwenye cherehani hadi kwa mama wa chai, na kurudi. Miaka ishirini na miwili nimeshona kwenye veranda ya lile duka la Mhindi, na makalio yangu yanaijua ile stuli kuliko yanavyonijua mimi.

Basi siku moja Mwalimu Festus akaleta suruali yake nimtilie zipu. Huyu alifundisha historia mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumfunga mdomo. Akaniambia, "Kalunde, kuna watu wawili watatu tunatembea Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani. Tunaangalia nyumba za zamani za huu mji wa Machakos."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. "Mwalimu, nyumba ni nyumba. Ukishaiona si umeshaiona? Unarudi kufanya nini?"

"Njoo tu. Ukichoka utaenda nyumbani."

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 2003. Mnaukumbuka? Serikali mpya imeingia, watu wana furaha ya ajabu, hata kuna siku niliona askari wa trafiki akipewa kitu na kukikataa, nikajiuliza kama ni mgonjwa. Watu walikuwa wanajaribu mambo. Mimi nikajaribu kutembea.

Jumapili ya kwanza hatukufika mbali. Mwalimu alitusimamisha mbele ya veranda yangu mwenyewe. Akasema, "Kalunde, inua macho." Nikainua. Juu ya paa la veranda, pale kwenye kipaji cha jengo, kumbe kuna maua ya saruji, kuna maandishi ya Kihindi, na katikati mwaka: 1927. Aiya! Miaka ishirini na miwili nimekaa chini ya kitu hicho na sijawahi kuinua shingo. Nilijisikia mjinga, na nikakasirika, na hasira ikanifanya nirudi mwezi uliofuata.

Tulikuwa wanne wa kudumu. Mwalimu na kitabu chake cha kuandikia. Rodgers, mwenye studio ya picha karibu na stendi, kijana wa miaka thelathini ambaye hakuna siku amekuja bila kamera. Zuleha wa mtaa wa Mjini, anayeuza mahamri na viazi karai asubuhi, mwanamke mpole hadi unataka kumfinya aseme neno. Na mimi. Wengine walikuja, wakaona jua ni kali, wakakumbuka wana wageni nyumbani.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kila mwezi mtu mmoja anawapeleka wenzake mahali anapopajua yeye, na mwenye mahali anaulizwa maswali matatu: nani alijenga, alijengea nini, na nini kimebadilika. Mwalimu anaandika, Rodgers anapiga picha, mimi nabishana. Tukaenda mtaa wa Wahindi, tukaona ghorofa ambazo kina mama walikuwa wakianikia pilipili. Tukaenda ile nyumba ya mawe chini ya mijakaranda, ambayo zamani alikaa karani wa kodi. Na kila mara Mwalimu lazima asimame katikati ya barabara atangaze, "Hapa palikuwa mji wakati Nairobi ni matope na vyura!" Tunapiga makofi, wenye baiskeli wanapiga kengele, tunaondoka barabarani.

Presha ikashuka. Lakini niseme ukweli, kufikia Aprili sikuwa naenda kwa sababu ya presha tena.

Mwezi wa saba ikafika zamu ya Zuleha. Tulidhani atatupeleka msikitini. Yeye akatupitisha nyuma ya msikiti, tukaingia vichochoro vya Mjini, tukasimama mbele ya nyumba yao.

Ilikuwa nyumba ya udongo na fito, mabati yake mekundu kwa kutu, na baraza mbele ya kukalia. Mlango wa mbao nzito, uliochongwa kidogo pembeni. Lakini kuta! Chokaa juu ya chokaa, imevimba, imejikunja, imebanduka hapa na pale. Mimi ni fundi, kitu kisichokaa sawa kinaniwasha mwili. Niliziangalia zile kuta nikasema moyoni, hawa watu wamekosa hata brashi?

Mama yake Zuleha, Bi Sumayya, alikuwa barazani. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, anaona kivuli tu, lakini alimimina chai ya tangawizi vikombe vinne bila kumwaga tone. Mwalimu akamuuliza maswali yake.

"Alijenga baba yangu, Mahmud. Alikuwa seremala, alikuja kutoka Pwani na mabwana Wazungu, mabwana wakaenda zao yeye akabaki. Alijengea kuoa. Mimi nilizaliwa chumba hicho nyuma yako, kabla vita ya Hitler."

"Na nini kimebadilika, mama?"

Zuleha ndiye aliyejibu, na alipoanza kusema machozi yakamtoka.

"Kinachobadilika ni kwamba tunaondolewa. Kuna mtu anaitwa Josphat Ndeti. Yuko na karatasi ya babake, inasema alipewa hiki kiwanja mwaka wa sabini na moja, kikiwa kitupu. Anasema sisi tulikuja tukajenga kwa nguvu. Wazee wa ardhi wanakuja kukagua Jumatatu ijayo, tarehe kumi na nne. Karatasi zetu zilikuwa kwa sanduku, mchwa wakala sanduku na karatasi. Hatuna kitu. Wakisema ni yake, analeta tingatinga."

"Majirani je?" akauliza Rodgers.

"Wa rika la mama wamekufa. Wengine wamehamia kwa watoto wao. Waliobaki ni wapangaji wa juzi."

Tuliimaliza ile chai. Nilimwangalia Bi Sumayya, mkono wake mmoja uko kwenye ukuta, anaupapasa tu, taratibu, vile mtu anapapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Nilisikia hasira imenipanda mpaka masikioni. Nikaapa kimoyomoyo kwamba nitafanya kitu.

Na nilifanya. Ngai, Mungu wangu, nilifanya kweli.

Ijumaa ile Zuleha alimpeleka mama yake Nairobi kwa daktari wa macho, miadi ya miezi mingi ambayo hawangeweza kuiacha, wakalala kwa binamu wao huko Mavoko. Ufunguo akaniachia mimi. Mjini maji yalikuwa yanakuja Ijumaa peke yake, na lazima mtu ajaze pipa. Pipa lenyewe lilikuwa la lita mia mbili, limeegemezwa kwenye ukuta wa mbele, mwisho wa baraza. Nililijaza mpaka juu. Kisha nikakaa barazani kupumua, nikaangalia zile kuta, zikaniangalia.

Nikafikiri hivi. Jumatatu wazee watatu watasimama hapa. Wataona nini? Wataona kibanda kinachobomoka. Watasema, hii ya nini, hata tingatinga halitatoka jasho. Lakini nyumba ikiwa safi, imepakwa rangi, ina heshima, mzee atasita. Kwetu kijijini Muthetheni mgeni wa maana akija unakwangua hata sufuria. Jumamosi asubuhi nikamwita Rodgers, ambaye alikuwa na ndoo mbili za rangi ya krimu zilizobaki aliporekebisha studio. Nikamwita na Mwalimu.

Mwalimu alisita. "Kalunde, tungengoja mwenyewe arudi."

"Mwalimu, wewe ukingoja utangoja mpaka tingatinga lipige hodi. Shika hiyo panga."

Alishika. Sitamlaumu, watu wengi wameshindwa na mimi.

Tukakwangua. Chokaa ilikuwa nene ajabu, unene wa kidole changu kidogo, inatoka vipande vipande. Niliona kabisa kwamba ndani ina mistari. Niliona na wekundu mahali fulani, nikasema ni kutu. Niliona bluu, wala sikujiuliza. Ukuta wa mbele, wa kulia, wa kushoto, mpaka udongo; wa nyuma umebanana na wa jirani, hapakuwa na nafasi ya brashi. Vile vipande Rodgers akavipakia kwa mkokoteni, akaenda kuziba lile shimo la barabara karibu na soko, tukacheka kwamba tumefanya kazi ya serikali. Pale kwenye pipa hatukugusa. Lilikuwa limejaa, na nani alikuwa na mgongo wa kulisukuma? Tukapaka rangi kulizunguka. Jumapili baada ya ibada tukapiga mkono wa pili wa rangi. Saa tisa nyumba ilikuwa inang'aa, na mimi nimesimama mikono kiunoni nikingoja kushukuriwa.

Walifika saa kumi. Zuleha alipokunja kona alisimama. Kikapu kilimponyoka. Nikadhani ni furaha.

"Karibu nyumbani!" nikapiga kelele.

Bi Sumayya, aliyekuwa ameshikwa mkono, akaendelea mbele polepole mpaka barazani, akanyoosha kiganja kwenye ukuta kama alivyozoea. Akaugusa. Akagusa tena juu kidogo, kisha chini. Akageuka.

"Zuleha, umenileta nyumba ya nani?"

"Ni kwetu, mama."

"Hii si nyumba yangu. Ukuta huu siujui." Akaanza kupapasa kwa mikono miwili. "Idd zangu ziko wapi? Nani amechukua Idd zangu?"

Nikakaa chini. Ndipo Zuleha akatueleza, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Kila mwaka, siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, nyumba ile ilipigwa mkono mmoja wa chokaa, tabaka moja jembamba. Mkono mmoja tu, kila Idd, tangu Mzee Mahmud alipoimaliza. Hawakukwangua hata siku moja, kwa sababu mzee alisema Idd haifutwi, inaongezwa juu ya nyingine. Idd ya kwanza baada ya Uhuru alitia bluu ya kufulia ndani ya chokaa, akasema nchi mpya, ukuta mpya. Mwaka wa njaa pesa za chokaa zilinunua unga wa kuwapa majirani, ukuta ukapigwa udongo mwekundu wa mlimani.

Mwalimu Festus akavua miwani. "Kalunde," akasema polepole, "ule ukuta ulikuwa ni kitabu. Ulikuwa umeandikwa kila mwaka. Na mimi, mwalimu wa historia, nimeshika panga nikaukwangua."

"Twende shimoni," nikasema. "Tufukue."

Tulikimbia, mimi na presha yangu. Malori ya mchanga yalikuwa yamepita pale siku mbili. Tulipata unga mweupe na alama za magurudumu. Nililia pale barabarani, mtu mzima, wapita njia wakaniuliza ni nani amefariki. Nilikuwa nimeenda kuokoa nyumba ya rafiki yangu, na badala yake nimemrahisishia kazi mwenye kuibomoa.

Tuliporudi, Zuleha alikuwa anamchotea mama yake maji ya kutawadha. Anainama kwenye pipa. Nikaliangalia lile pipa.

"Zuleha," nikasema, "usimwage maji. Acha pipa hapo hapo. Mtu yeyote asiliguse mpaka kesho."

Alikuwa na haki ya kunitimua. Akasema, "Nimesikia, dada Kalunde," akaingia ndani.

Jumatatu saa nne walifika. Wazee watatu, na mwenyekiti wao Mzee Maundu, mtu wa fimbo na kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Josphat Ndeti alikuja na faili. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, lakini alikuwa mtu wa kawaida, amechoka, shati la mikono mifupi, anasalimia kila mtu. Alitoa ile karatasi ya babake. Kisha akaangalia kuta zetu za krimu, akatabasamu kidogo.

"Wazee, mimi sina maneno mengi. Baba aliniambia hapakuwa na kitu hapa. Na nyinyi muko na macho. Hii nyumba si ni mpya? Hata rangi haijakauka vizuri."

Mzee mmoja akagusa ukuta, akakiangalia kidole chake. Kilikuwa na krimu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Maundu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Sijawahi kuogopa kusimama maishani, lakini siku hiyo niliogopa.

"Mzee, hiyo rangi ni yangu. Mimi ndiye nilikwangua hii nyumba, mwenyewe hayuko, nikafikiri ninamsaidia. Nimeharibu. Lakini kuna mahali sikufika, kwa sababu ya uvivu. Naomba tusogeze hili pipa."

Rodgers na Josphat mwenyewe ndio waliolisukuma, maji yakiwamwagikia viatu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa zamani, mpana kama mlango wa kabati, mweupe, umevimba, haujaguswa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

"Kabla hatujakata," nikasema, "muulizeni mama. Yeye haoni. Aseme kilichomo."

Bi Sumayya aliletewa kiti. Akaeleza ile desturi ya Idd. Kisha akasema, "Mkikata, mtaona nyeupe nyingi. Halafu nyekundu. Halafu nyeupe tena nyingi. Halafu bluu."

"Nyekundu ni ya mwaka gani?" akauliza Mzee Maundu.

"Ule wa njaa. Nyinyi Wakamba mliipa jina. Mlisema watu wanakufa na pesa mkononi."

Mzee Maundu akanyanyua kichwa. "Yua ya Nikwa Ngwete," akasema. Wale wazee wengine wawili wakaguna. Hakuna Mkamba wa umri wao asiyejua njaa hiyo ni themanini na nne. Sisi miaka yetu tunaihesabu kwa njaa.

Nikatoa wembe wangu mpya, ule wa kufumulia mishono. Nikakata ukuta kwa mshazari, taratibu, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji. Mistari ikajitokeza. Kati ya mkono na mkono wa chokaa kulikuwa na uzi mwembamba wa vumbi, vumbi letu jekundu la Machakos, mwaka mzima wa vumbi umefungiwa humo. Rodgers akatoa kioo chake cha kukuzia picha. Nikampa Mzee Maundu pini. Akapiga goti, mzee mzima, akaanza kuhesabu kwa sauti, akigusa kila mstari na pini. Mtaa wote ulikuwa umejaa mlangoni.

"Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Nyekundu."

Watu wakapiga kelele. Lakini Josphat aliinua mkono.

"Ngojeni. Idd ya mwisho ilikuwa Desemba mwaka jana, 2002. Kutoka hapo kurudi mpaka themanini na tano ni miaka kumi na minane. Mmehesabu kumi na tisa. Kama ni mkono mmoja kila mwaka, huo mwingine umetoka wapi? Hawa watu walikuwa wanapaka tu wakijisikia."

Mzee Maundu akahesabu tena. Kumi na tisa. Akamwangalia Mwalimu, Mwalimu akahesabu kwa vidole, akaanza upya. Zuleha aliziba mdomo na ncha ya leso. Nilimwona mama yake anahesabu kimya, midomo inacheza, amechanganyikiwa.

Sasa, mimi si Mwislamu. Sijui kuhesabu mwezi. Lakini mimi ni fundi wa nguo, na Waislamu wa mji huu nimewashonea miaka ishirini na miwili.

"Mwaka wa elfu mbili!" nikapayuka. "Mwaka wa elfu mbili ulikuwa na Idd mbili! Moja Januari, watu hawajamaliza hata Krismasi, na nyingine Desemba. Nilishona madera Januari mpaka vidole vikavimba, Desemba wakarudi wale wale, nikamwambia Zuleha, nyinyi mwaka huu mumeamua kuniua. Zuleha, ni uongo?"

"Wallahi ni kweli," akasema Zuleha. "Mwezi unatangulia kila mwaka siku kumi, kumi na moja. Kuna mwaka zinaingia mbili."

"Na kule chini mtapata hivyo hivyo," Bi Sumayya akadakia, uso umefunguka. "Mwaka niliomzaa huyu Zuleha, wa sitini na nane. Mbili. Ya pili nilipaka nikiwa na mtoto mgongoni."

Kutoka nyekundu kurudi chini, Mzee Maundu akahesabu mikono ishirini. Mwalimu akaandika, akafuta, akaandika tena. Themanini na tatu kurudi sitini na tano ni miaka kumi na tisa, na mmoja wao wa Idd mbili. Ishirini kamili. Na chini ya huo wa ishirini, mwembamba, mzuri, kama ukosi wa shati la shule, bluu.

"Idd ya kwanza ya Uhuru, mwanzo wa sitini na nne," akasema Bi Sumayya.

Mzee Maundu alikuwa na alichokitaka. Bluu ilitangulia karatasi ya Josphat kwa miaka saba. Lakini hakuinuka. Akasogeza goti, akaendelea kuhesabu, sasa kwa utamu tu, na sisi sote tukahesabu naye. Ishirini na nane chini ya bluu, kisha pini ikazama kwenye udongo. Ukijumlisha yote, pamoja na nyekundu na bluu zenyewe, ni sitini na tisa. Mwalimu akafanya hesabu yake akasema ni mwisho wa mwaka wa thelathini na sita.

Josphat alikuja akainama, akaangalia kupitia kile kioo kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba aliniambia hapakuwa na kitu," akasema, si kwa wazee, kwa Bi Sumayya.

"Babako alikuwa anakunywa chai hapa," Bi Sumayya akamjibu. "Ndeti wa ghala. Sukari vijiko vitatu. Kaa, mwanangu, iko chai."

Hakukaa. Lakini alifunga faili, na wazee walipoandika kwamba nyumba imekuwako tangu kabla ya Uhuru na wenyewe wasisumbuliwe, hakukata rufaa. Mwezi wa tisa nilimwona amesimama mbele ya veranda yangu, anaangalia ile 1927. Nikamwambia Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, avae viatu vizuri. Huwa anakuja, ingawa anachelewa.

Zuleha hakuniongelesha wiki mbili. Ya tatu alinijia na hukumu.

"Dada Kalunde, hiyo krimu yako chokaa haishiki juu yake. Utaikwangua yote, wewe mwenyewe. Pale kwa pipa usiguse. Na ikifika ishirini na saba ya Ramadhani, mkono wa kwanza utaupiga wewe."

"Mimi Mkristo?"

"Brashi haiulizi."

Basi Novemba ikafika, na mimi nikapanda kwenye stuli yangu ya cherehani na ndoo ya chokaa. Bi Sumayya alikuwa barazani. Upasuaji wa jicho moja ulikuwa umefanyika na alikuwa ameanza kuona rangi. Akaniambia, "Tia kitu, Kalunde. Mwaka kama huu usipotee katikati ya weupe."

Nilifikiri. Nikashuka, nikatoa mfukoni chaki yangu ya kuchorea nguo, ile nyekundu, vipande vyote nilivyokuwa navyo. Nikavisaga kwa chupa nikavimimina ndani ya ndoo. Chokaa ikageuka rangi ya waridi hafifu. Kuta tatu tupu, na sitini na tisa zimebaki kwenye kipande kimoja nyuma ya pipa, na mimi nilitakiwa kuanza upya. Nilipaka polepole. Nilikuwa naona aibu bado, na nilikuwa na furaha, vyote pamoja.

Nilipomaliza, Bi Sumayya akaja akaweka kiganja ukutani kabla hata haujakauka. Akakitoa chekundu chekundu, akakiangalia kwa lile jicho jipya.

"Nyinyi Wakamba mnaipa miaka majina," akasema. "Huu tutauita Mwaka wa Kalunde Kukwangua. Atakayehesabu ukuta huu baadaye ataanzia kwako."

Kisha akanipa brashi tena, akanionyesha mahali karibu na mlango ambapo nilikuwa nimeruka.